Muulize Fundi: Kidole kidogo kimechoka, nitengenezewe kibodi gani?

SWALI: Mwangaluka fundi, na shikamoo. Mimi nina stesheneri hapa Malimbe karibu na chuo, natype ripoti za fildi, riseachi, barua za kwenda serikali ya mtaa, mikataba ya viwanja, kadi za michango, na wanafunzi wakikaribia kudifendi nakaa kwenye kiti asubuhi mpaka usiku. Sasa mkono wa kushoto kifundo kinauma upande wa kidole kidogo, na hicho kidole chenyewe ikifika jioni hakitaki tena kazi. Mdogo wangu anasomea umeme, anasema atanitengenezea kibodi ya kufuata mkono wangu, eti watu wanajitengenezea wenyewe. Ananitania? Na kama ni kweli tuanzie wapi?
Dada wa Stesheneri, Malimbe

JIBU: Marahaba dada. Hakutanii, watu wanatengeneza kweli, tena kwa vitu vya kawaida tu. Ila kabla hujampa hela ya vifaa nijibu kwanza, kuna ganzi? Kama dole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku ukiwa umelala, hapo kuna neva inabanwa kwenye kifundo, na kama ganzi iko kidole kidogo na upande wa cha pete mara nyingi shida inaanzia kwenye kiwiko. Yote mawili nenda hospitali, Bugando au Sekou Toure, wakuangalie, kibodi itasubiri. Kama ni kuchoka na kuuma tu bila ganzi, endelea kusoma, ila wiki zikipita bado kunauma nenda pia.

Angalia mikono yako ukiwa unataipu. Mikono inatoka mabegani, yaani kwa upana, alafu inakutana katikati kwenye kibodi moja nyembamba, kwahiyo ili vidole vikae sawa na mistari ya vitufe lazima ukunje vifundo kwenda nje, upande wa kidole kidogo, na ndo hapo hapo panapokuuma. Jambo la pili viganja vimelazwa chini kabisa, na mkono ukilala hivyo mifupa miwili ya chini ya kiwiko inapishana, unakaa umejisokota siku nzima. La tatu ni vile vimiguu vya nyuma ya kibodi, kila mtu anavifungua sijui nani alitufundisha, vinainua kibodi na kifundo kinakunjika kwenda juu. Vifunge leo leo. Na meza za stesheneri nyingi ziko juu mno, zilichongwa kwa ajili ya kuandikia na peni, kwahiyo panda juu weka mto kwenye kiti mpaka viwiko viwe usawa wa kibodi, miguu ikining'inia weka kreti la soda chini.

Hayo ni ya bure. Sasa tuje kwenye kutengeneza.

Kibodi ya mdogo wako igawanywe vipande viwili, kila mkono na chake, unavitenga mpaka vifundo vinyooke. Kila kipande kiinuliwe upande wa dole gumba, sentimita chache tu, ili kiganja kisilale kabisa, kikae kama kinataka kumpa mtu mkono. Alafu vitufe vipangwe kwa nguzo zilizonyooka, kila kidole na nguzo yake. Hii mistari iliyopindapinda tunayotumia ni urithi wa mashine za chapa, enzi za Sholes, mbunifu wake kule Marekani miaka ya 1870, kila kitufe kilikuwa na mkono wake wa chuma unaopita chini kwahiyo ilibidi vipishane. Vyuma vimeondoka, mpindo tumebaki nao.

Vipimo usichukue vya mtu mwingine. Weka karatasi mezani, fumba macho, shusha mkono vidole vikiwa vimelegea, mtu mwingine aweke nukta ya peni chini ya kila ncha. Utaona kidole cha kati kimeenda mbele, kidogo kimebaki nyuma kabisa, tofauti inaweza kuzidi sentimita mbili. Hizo nukta ndo mstari wako wa katikati. Kutoka katikati ya kitufe mpaka katikati ya kinachofuata acha milimita 19, kata vipande vya karatasi, gundisha kwenye boksi gumu, inua na vitabu, alafu jifanye unataipu sentensi nzima nzima. Kidole kikijinyoosha kutafuta kitufe, hamisha. Kaa na boksi hilo siku kadhaa kabla hujanunua hata waya, boksi halina hasara.

Sasa ninachotaka mdogo wako akisikie vizuri ni hiki: herufi A. Kiswahili kimejaa A, soma sentensi yoyote humu uzihesabu, na kwenye kibodi ya kawaida A iko chini ya kidole kidogo cha kushoto, kile kile kinachokulilia. Kidole hicho hicho ndo chenye Z, na Shifti, na Tabu. Andika "kazi za wanafunzi" uone, kwenye "za" kidole kidogo kinashuka kwa Z kinapanda kwa A, mwenzake wa kati anaangalia tu. Watu watakwambia uhamie mpangilio wa herufi unaoitwa Dvorak, ule wa mwaka 1936, lakini ulipangwa kwa Kiingereza na A wameiacha pale pale, kwahiyo kwetu tiba yenyewe haipo.

Mimi hiyo A ningeipa dole gumba. Dole gumba ndo kidole chenye nguvu na kazi yake kwenye kibodi ni spesi tu, tena madole mawili spesi moja! Waingereza wa kibodi ya Maltron, Lillian Malt aliyekuwa mwalimu wa mataipisti na mwenzake Stephen Hobday, miaka ya 1970 waliweka E kwenye dole gumba la kushoto maana kwenye Kiingereza E ndo inaongoza. Sisi tuweke A. Spesi ibaki kulia. Na ile A ya zamani usiifute, ziache zote mbili zifanye kazi, utahama taratibu bila kuchelewesha wateja.

Vifaa vyenyewe sio vya kutisha. Switchi, yaani kile kinachobonyea chini ya kila kitufe, vifuniko vyake, diodi moja kwa kila switchi, kale kadude kanakopitisha umeme upande mmoja tu (1N4148 inatosha), zote zikielekea upande mmoja, na bodi ndogo mbili ambazo ndo ubongo wa kibodi, kama Pro Micro au Raspberry Pi Pico. Programu ni QMK, ya bure, na mpangilio unakaa ndani ya kibodi, kompyuta yenyewe inaona A imebonyezwa basi, hata ukiihamishia kwenye laptopu ya mteja. Bamba la kushikilia switchi linataka matundu ya milimita 14 kwa 14, wale wanaokata mihuri na mabango kwa leza wanaweza kukukatia.

SWALI: Switchi nyekundu, kahawia au bluu? Nipo ofisi ya watu wengi.
Kijana wa Kirumba

JIBU: Kama ni switchi za kampuni ya Cherry, zile MX zinazotofautishwa kwa rangi, bluu inapiga kelele, wenzako watakuchukia. Nyekundu inashuka laini kwa gramu 45 hivi, kahawia inakugusa kidogo njiani ujue imeshika. Kwa mkono unaouma nachagua nyekundu, na ujifunze kutokukandamiza mpaka chini, herufi inatoka kitufe kikiwa nusu ya safari.

SWALI: Nimeuziwa mto wa kuwekea kifundo mbele ya kibodi, mbona maumivu yamezidi?
Mama Karani, Nansio

JIBU: Mama, mto ule ni wa kupumzikia ukiwa unasoma au unasubiri mteja atafute ada. Ukitaipu huku umeuegemea unabana kifundo pale pale neva inapopita, na vidole vinabaki kujinyoosha vyenyewe badala ya mkono mzima kusogea. Nyanyua mikono, ielee. Na kama wewe nawe utatengeneza ya vipande viwili, ule waya unaoviunganisha wenye pini kama ya earphone usiuchomoe kibodi ikiwa kwenye umeme, pini ikiteleza inagusanisha njia za ndani na bodi inaungua. Toa USB kwanza.