Bata wangu ni wa aina gani, na mbona ameacha kutaga baada ya mayai 12? Na wa pili mbona haonekani kutaga?

Ndugu, bata mweupe mwenye mabaka meusi, vinundu vyekundu usoni na tabia ya kurukia ukutani ni wa aina iitwayo Muscovy. Usiende kwa rangi. Pekin, aina nyingine ya bata, naye ni mweupe, ila mdomo na miguu yake ni ya rangi ya chungwa, uso ni safi, na dume ana unyoya uliojikunja mkiani. Jike la Pekin hupiga kelele mtaa mzima. Dume la Muscovy hufoka tu kama nyoka.

Kuacha kutaga baada ya mayai 12 si ugonjwa. Muscovy hutaga 8 hadi 15 hivi, kisha huatamia. Ukikuta amejinyonyoa manyoya ya kifua na kuyatandika kwenye kiota, na anafoka ukimsogelea, ameshaanza. Ukitaka vifaranga, subiri siku 35. Wengi huyatupa mayai siku ya 30, maana wamezoea 28 za Pekin, kumbe vifaranga wako hai ndani. Ukitaka mayai ya kula, okota kila asubuhi tangu yai la kwanza.

Yule wa pili anayeonekana hatagi, mfungie bandani hadi saa tatu asubuhi kwa wiki moja. Bata hutaga usiku wa manane au alfajiri. Ukimfungulia saa kumi na mbili, yai linaangukia kichakani na kenge anashukuru.

Na usimchanganye Muscovy na Pekin ukitegemea mbegu: chotara wao ni tasa.