Dokta, hii sindano ya diski ya ultrasaundi nichomwe au niachane nayo?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 44, kiuno kinanisumbua huu mwaka wa tatu, kuinama kuokota kitu chini ni shughuli. Kipimo cha MRI kilisema diski, ile pedi laini iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano, imechakaa, sasa nimeambiwa kuna sindano inaingia ndani ya diski yenyewe huku wanaangalia kwa ultrasaundi, haina mionzi na unaenda nyumbani sikuhiyohiyo. Nichomwe?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Kabla hujapanda kitandani muulize atakayekuchoma kitu kimoja, ncha ya sindano itaishia wapi? Manake jina la "sindano ya diski" watu wanalibandika kila sindano ya mgongoni, kumbe kuna ya kwenye viungo vidogo vya nyuma ya pingili, kuna ya pale mgongo unapokutana na nyonga, kuna ile inayomwagwa nje ya ala inayofunika neva, halafu ndo ipo ya ndani ya diski kabisa, na hii si ya kila siku.

Kwa hizo za mwanzo ultrasaundi inasaidia kweli, hapo sibishi. Kwenye diski ndo shida inaanza, mawimbi yake hayapenyi mfupa. Siku wakikupaka ile jeli ya baridi kiunoni chungulia skrini, utaona mfupa kama mstari mweupe na nyuma yake giza tupu, sasa diski yako iko ndani huko, mbele ya mfereji wanamopita neva. Ndo maana wanaochoma diski kwa kawaida wanatumia eksirei ya kuonyesha moja kwa moja, au siti-skani. Akisema ultrasaundi peke yake inamtosha, muulize atajuaje kwamba ameingia katikati, na asipokuwa na jibu la kueleweka vaa viatu uondoke.

Halafu hiyo MRI isikutishe sana. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2015 yaliangalia watu wasioumwa mgongo kabisa, wenye miaka 20 asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa, wenye miaka 80 wakafika asilimia 96. Yaani diski inaweza ikawa imechakaa na isiwe ndo inayokuuma. Mwongozo wa Uingereza wa 2016 unasema wazi mtu wa maumivu ya kiuno bila sayatika, yaani maumivu ya neva yanayoshuka mguuni, asipewe sindano za mgongo, sindano ya kuzunguka neva inafikiriwa kwa sayatika kali iliyoanza karibuni. Hujaniambia kama maumivu yanashuka mguuni, na mimi ningeanzia hapo. Kama hayashuki, hela yako ningeipeleka kwa mtu wa fiziotherapia, mazoezi ya wiki kadhaa bila kuruka, najua yanachosha na hayana mvuto wa sindano.

SWALI: Nina kisukari na nameza dawa ya kuzuia damu kuganda. Naruhusiwa?

JIBU: Sema vyote viwili mapema, siyo ukiwa umeshavua shati. Steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe ambayo mara nyingi ndo inawekwa kwenye hizi sindano, inapandisha sukari kwa siku kadhaa kwahiyo utapima mara nyingi zaidi. Hiyo dawa ya damu usiiache kwa uamuzi wako, anayekuandikia na anayekuchoma waongee wao kwanza.

SWALI: Nilichomwa kwenye diski wiki mbili zilizopita, nikapata nafuu kidogo, sasa maumivu yamerudi makali kuliko mwanzo, hata kugeuka kitandani nalia na jioni nasikia baridi. Ni dawa inafanya kazi?

JIBU: Hapana ndugu yangu, hiyo siyo dawa. Diski haina damu ya kutosha, bakteria wakiingia na sindano mwili unapata tabu kuwafikia, na dalili zinaweza kuchelewa hivyohivyo mpaka wiki kadhaa. Nenda hospitali leo, waambie neno kwa neno kwamba ulichomwa kwenye diski, wapime damu na warudie MRI. Ukiona mkojo haushikiki, ganzi sehemu za siri au miguu inalegea, hiyo ni emajensi hata kama ni saa nane usiku.