Ming'oko na michoro inayobanduka

SWALI: Mambo vipi, nilikuja Mtwara kwenye usiku wa misosi, pweza wa kuchoma alinikosha kweli, ila vile vimizizi vya kuchemsha ni nini? Na michoro ukutani mbona inabanduka mapema hivyo? Mgeni, Dodoma

JIBU: Hiyo ming'oko, inachimbwa porini, unaimenya kwa vidole unachovya kwenye chumvi na pilipili, usiile na ganda bwana! Michoro sasa: nyumba za zamani kama za Mikindani, mji mkongwe jirani na Mtwara, kuta zake mawe ya matumbawe na chokaa, zinafyonza unyevu na chumvi, ukipaka rangi ya mafuta unyevu unakosa pa kutokea, rangi inavimba inabanduka. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, naye alitumia rangi za mafuta, zile za baiskeli, lakini juu ya ubao. Kwa kuta hizo mi naona chokaa yenye rangi ingefaa zaidi, hata kama haing'ai.