Saa ya marehemu baba yako

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama uache kazi ya benki ili uimalize riwaya yako. Mimi nimekaa kaunta ya posta mpaka nikastaafu, basi nitakujibu kwa habari za mtu wa posta mwenzangu, Anthony Trollope wa Uingereza.

Aliingia posta ya London mwaka 1834, kijana wa miaka 19. Mwaka 1841 akahamishiwa Ireland, akawa anazunguka kwa farasi kukagua kazi za posta, na huko ndiko alikoanza kuandika. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1847, hakuambulia hata senti. Ya nne, The Warden, ilitoka mwaka 1855, ikamletea pauni 9 na shilingi kadhaa. Wakati huo alikuwa na mke na wana wawili. Je, bila mshahara wangekula nini?

Baadaye, akiishi Waltham Cross, alimwongezea mtumishi wake mzee pauni 5 kwa mwaka ili amwamshe kwa kahawa. Saa 11:30 alfajiri yuko mezani, saa imewekwa mbele yake, maneno 250 kila robo saa. Akisha hapo, anakwenda kazini. Akiwa kwenye treni aliandika kwa penseli, na mkewe Rose akanakili. Posta aliiacha mwaka 1867, baada ya miaka 33, jina lake likiwa limeshasimama. Riwaya alizoziacha ni 47.

Lakini anayenigusa mimi ni mama yake, Frances. Madeni yaliwakimbiza hadi Bruges, Ubelgiji. Mumewe mgonjwa, mwanawe Henry anakufa kwa kifua kikuu, na riwaya zake ndizo zilizowalisha. Chumbani mwake chupa za dawa na chupa ya wino zilikaa pamoja. Mchana anauguza, usiku anaandika. Nikifikiria mikono ile ikitoka kwenye kitambaa cha jasho la mtoto kwenda kwenye kalamu, machozi yananilenga.

Kwa hiyo usiache kazi, mwanangu, si sasa. Lala mapema, uamke kabla ya adhana. Saa ya mezani ya marehemu baba yako nimeipeleka kwa fundi, inatembea vizuri. Nitaituma kwa basi la Jumamosi, uipokee stendi.

Mama yako