Usiwashe koili mpya ikiwa kavu!

Mkuu, simama hapohapo. Kama hiyo koili ya vepu yako, yaani kile kiwaya kinachopasha juisi kwenye sigara ya kielektroniki, hujaiwasha bado, weka kifaa mezani usome kwanza.

Umeuliza koili idumu vipi, uvute juisi gani (hicho kimiminika kinachogeuka mvuke) na betri uichaji vipi, halafu katikati ukachomekea kwamba fundi kakwambia uiwashe kavu mara kadhaa "iungue mafuta ya kiwandani" kabla ya kutia juisi. Hapo ndipo moyo uliponilipuka. Hiyo koili yako ni ya kununua, imeshafungwa pamba ndani. Ukiiwasha kavu, kinachoungua ni pamba.

Ushauri huohuo nilipewa na muuzaji mmoja Kariakoo, nikarudi nao Kigoma pamoja na pakiti ya koili tano. Na sisi wa mwisho wa reli unatujua, kitu kikiharibika unaagiza Dar na kungoja basi. Ya kwanza ikatoa ladha ya kuungua, koo likawaka. Nikampigia. Akasema hiyo mbovu, funga nyingine, ila safari hii ichome vizuri zaidi! Pakiti nzima ikateketea kwa mtindo huo, na kila mara ana jibu: mara juisi feki, mara umeme wa Kigoma. Umeme wa Kigoma unaingiaje kwenye kitu cha betri? Halafu bila aibu ananiuliza kama anitumie pakiti nyingine. Mtu wa namna hiyo anauza koili, hafundishi kuzitunza.

Habari yenyewe aliisikia nusu. Wanaochoma kavu ni wale wanaosokota waya wenyewe: wanaupasha ukiwa mtupu, waone kama unawaka sawasawa, ukipoa ndipo wanapitisha pamba. Koili ya dukani hiyo hatua imeshapita.

Fikiria utambi wa koroboi. Ukiwa na mafuta, yanaungua mafuta. Yakikauka, unaungua utambi. Juisi ni propilini glaikoli inayochemka kwenye nyuzi 188 na gliserini inayochemka kwenye nyuzi 290. Maadamu pamba imelowa, joto la waya linaishia kugeuza juisi kuwa mvuke. Ikikauka, joto linapanda bila kizuizi na pamba inageuka mkaa. Mkaa haurudi kuwa pamba, hata uoshe kwa maji ya moto siku nzima. Usijilazimishe kuivuta hivyohivyo, maana juisi iliyounguzwa inatoa formaldehaidi na akrolini, na hizo ni sumu kwa mapafu.

Kwa hiyo pamba ilowe kwanza, moto baadaye. Dondoshea juisi kwenye vitundu vya ubavuni pale pamba inapoonekana mpaka ibadilike rangi, tundu la katikati usilijaze. Funga, jaza tangi, acha dakika kumi. Juisi nzito yenye gliserini nyingi, ipe ishirini, inapenya polepole. Kisha angalia wati, yaani nguvu ya umeme, zilizoandikwa ubavuni mwa koili uanzie za chini kabisa. Vuta, pumzika, vuta. Ukivuta mfululizo, pamba haipati nafasi ya kunyonya juisi nyingine na unarudi kwenye ukavu uleule. Tangi nalo ongeza kabla juisi haijashuka chini ya vitundu. Hata koili ya wiki nzima inakufa kwa mvuto mmoja mkavu.

Juisi: punguza hizo tamutamu. Sukralozi, kile kitamu kinachotiwa humo, haiondoki yote na mvuke, inabaki kwenye waya na kuganda nyeusi.

Na huyo fundi usimrudishie kifaa. Tia juisi sasa hivi, tega saa ya simu, shuka mwalo wa Kibirizi ukanunue samaki, migebuka. Ukirudi ndiyo uvute.