Mapambo ya jikoni kwa cherehani: maswali yenu na majibu

Shikamoo fundi. Nimeshona vishikio vya sufuria kwa kitenge, ndani nikajaza sponji. Vinapendeza, lakini nikiepua ugali mkono unaungua, na kimoja kimeyeyuka. Shida ni nini? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Shida iko ndani, ushonaji wako hauna kosa. Sponji haifai kabisa kukaa karibu na moto, na poliesta, yaani nyuzi za plastiki, huyeyuka joto likifika nyuzi 260 hivi, kiasi ambacho jiko la mkaa hupita kwa urahisi. Kitu kilichoyeyuka hunata kwenye ngozi, ndiyo maana nalisisitiza jambo hili kila ninapofundisha. Pamba haiyeyuki. Hubadilika rangi na kutoa harufu, ukapata muda wa kuweka sufuria chini.

Chukua taulo kuukuu la pamba, ukunje matabaka mawili au matatu, kisha uliweke kati ya kitambaa cha juu na bitana. Uzi nao uwe wa pamba. Kama una shaka na kitenge chenyewe, chomoa nyuzi chache uziwashe juu ya sahani. Zikiungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Zikijikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi, kuna poliesta, basi kitambaa hicho kishonee vitambaa vya meza.

Halafu usishike sufuria kwa kishikio kilicholowa, hata kikiwa kinene namna gani. Kinga yako ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Maji yakichukua nafasi yake, joto hupita zaidi ya mara 20 kwa wepesi. Shona viwili viwili, kimoja kikianikwa kingine kifanye kazi.

Nikishona matabaka matatu, kitambaa cha juu kinasogea na kukunjamana, na chini uzi unafungamana. Natumia cherehani ya mguu. (Msomaji, Tanga)

Cherehani yako inatosha, usikimbilie kununua nyingine. Uzi ukifungamana chini, kagua juu. Mara nyingi uzi wa juu haujakaa sawasawa kati ya visahani vinavyoukaza. Inua mguu unaokandamiza kitambaa ndipo upitishe uzi, kwa sababu wakati huo visahani vimeachana.

Kuhusu kukunjamana, piga bandi kwanza. Mishono mirefu ya mkono, ikipishana kama upana wa kiganja, hushika matabaka yasiteleze. Anza mstari wa katikati, kisha uende nje upande mmoja baada ya mwingine, ukilegeza kidogo skrubu inayoukandamiza ule mguu. Weka sindano namba 14, au 16 kama taulo ni nene, na urefu wa mshono uwe milimita 3 au zaidi. Mishono midogo midogo kwenye kitu kinene hukivuta kikajikunja.

Nina doti ya kanga niliyopewa na bibi. Nataka kuikata vipande nishone kitambaa cha meza. Nifanyeje na jina? (Msomaji, Mombasa)

Lisikatwe. Panga kazi yako kuanzia jina, yaani yale maneno yaliyochapwa: litoe zima pamoja na sehemu ya pindo, liwe ukingo wa mbele wa meza, kisha mji, yaani sehemu ya kati ya kanga, ujaze katikati. Na usihangaike na chaki ya kuchora mistari. Fuata kwa cherehani maua au korosho zilizochapwa tayari, zitainuka na kupendeza kuliko miraba. Lakini kwanza loweka kanga, ifue na kuipiga pasi. Kanga ambayo haijafuliwa ina wanga, hurudi ikipata maji, na nyingine huchuja rangi. Ukishona kabla ya kufua, kitambaa cheupe cha chini kitageuka waridi. Kanga moja ya doti ibaki nzima. Kanga ya bibi ni ya kuvaa pia.

Naweza kushona mfuko wa kikapu cha kupikia kisichotumia moto? (Msomaji, Kisumu)

Unaweza, na hapa ndipo poliesta inapofaa, mradi sufuria isitoke motoni ikaingia moja kwa moja. Ifute masizi, iweke juu ya kitambaa kinene cha pamba. Jaza unene wa sentimita 5 au zaidi pande zote, chini na kwenye mto wa kufunikia. Mistari ya kushikilia isikaribiane sana, kwani kila unaposhona unabana hewa na joto linapata njia ya kutoka. Maharage yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kuingia humo, na yakitoka yachemshwe tena.

Glavu yenye bitana inayong'aa inaweza kuingia kwenye maikrowevu? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Bitana hiyo ina utando wa metali na inaweza kutoa cheche.