Homa siku ya tatu, kipimo cha malaria hakina kitu

Dada wa Newala, pole kwa kuuguza. Mtoto wa miaka sita, ana homa, magoti na vifundo vinauma, malaria hakuna: yaweza kuwa chikungunya au dengue, magonjwa ya virusi yanayoenezwa na mbu. Chikungunya si mgeni huko kwenu. Madaktari waliitambua kwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952, hapo hapo uwanda wa Makonde.

Mpe parasetamoli kwa uzito wake, na uji, maji, madafu, kidogo kidogo bila kuacha. Diklofenaki uliyouziwa dukani iweke kando, aspirini na ibuprofeni vilevile. Kama ni dengue zinaweza kumsababishia kuvuja damu. Antibayotiki haiui virusi, okoa hela yako.

Homa ikishuka usijisahau. Dengue hugeuka hapo: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu, mikono baridi, kulegea, mkojo kukauka. Ukiona hata dalili moja, hospitali, iwe usiku wa manane. Homa ikiendelea, arudie kipimo cha malaria.

Mbu hawa huuma mchana, kwa hiyo akilala mchana mshushie chandarua. Na lile pipa la maji ya mvua, kulimwaga tu hakutoshi: mayai hung'ang'ania ukingoni hata pipa likikauka. Lisugue kwa brashi kila wiki, kisha lifunike vizuri.